Bodi Haina Wakwe

Kwamboka,

Begi lako limesimama mlangoni, na baba yako amelifunga kwa kamba ya manila ingawa zipu yake ni nzima. Mwache. Kuna wanaume hulia kwa macho, yeye hulia kwa kamba. Kesho asubuhi atakupeleka Ekerenyo kwa pikipiki ya jirani, na mimi nitabaki hapa Manga, kwa sababu stendi hunifanya niseme maneno mengi yasiyo na kazi. Ndiyo maana nimekaa mezani kukuandikia yale yenye kazi. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutoanika simu yako barabarani nimekuimbia tangu uende shule ya bweni, na leo nimeziruka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokulea. Mimi ni mtu wa ziwani, baba yako ni Mgusii wa mlima huu, na nyumba yetu ilichagua lugha ambayo hakuna ambaye angeitumia kumpiga chenga mwenzake. Ekegusii changu hata leo watoto wa njiani wanakicheka. Nilikuja hapa mgeni na nikatamani sana nisionekane mgeni. Shika neno hilo, maana ndilo linalonipeleka mbele ya kamati ya nidhamu.

Jumamosi baada ya kanisa, ulipowatangazia watu kwamba umepata kazi ya ukaguzi kwenye bodi yetu, hiyo hiyo inayotusajili wahandisi na kutunyang'anya leseni, uliona jinsi nyuso zao zilivyobadilika. Mzee Ombati, mdogo wa babu yako, aliweka kikombe chini taratibu. Kwa desturi hasemi nami ana kwa ana, kwa hiyo alimgeukia baba yako.

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Sasa tuko na mtu yetu huko ndani. Hiyo maneno ya mama ya huyu mtoto itaisha tu."

Watu wakaitikia, shangazi yako akaanzisha wimbo, nawe ukatabasamu kama bibi harusi. Tulipokuwa tukiosha vyombo nilikuuliza kama uliwaambia kwenye mahojiano kwamba mhandisi Achieng' wa Nyamira, yule ambaye kesi yake inasubiri kusikizwa na bodi yao, ndiye mama yako.

"Hawakuuliza, Mama," ukasema. "Na majina yetu hata hayafanani." Ukasugua sufuria kidogo, halafu ukaongeza kwa sauti ya chini, "Nikiwa ndani, nitahakikisha hawakuonei."

Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa bado sebuleni, na kwa sababu moyo wangu ulifurahi kabla akili haijafika. Ndiyo, ulifurahi. Mtoto niliyemzaa amejitolea kunikinga, nani asingefurahi? Lakini akili imefika sasa, na jibu langu ni hapana. Sitaki kukingwa. Sitaki mtu wangu ndani. Na sitaki uanze kazi hiyo ukiwa umebeba jambo chini ya ulimi.

Unajua kisa cha jengo la Mzee Ombati jinsi kinavyosimuliwa sokoni, kwamba mama yako alishtaki ukoo wake mwenyewe. Nikusimulie jinsi kilivyokuwa.

Mzee alitaka jengo la ghorofa moja pale Ekerenyo, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Ramani niliichora mimi, na hata leo ukiniletea nitaitetea kila mstari. Siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya juu, nilifika mapema nikiwa na buti zangu na suruali ya kazi. Kazi yangu asubuhi hiyo ilikuwa moja tu, kupanda juu na kukagua vyuma kabla havijafunikwa na zege. Zege likishamwagwa, hakuna jicho litakaloviona tena.

Nikamkuta Mzee Ombati ameketi kwenye kiti chake chini kabisa ya ngazi.

Wewe umekulia ndani ya chinsoni na huioni, kama mtu asivyouona ukuta wa nyumba aliyozaliwa. Mimi niliisoma kama somo la mtihani: heshima ya mkwe, kutompa mkono, kutomsogelea, kutokaa anapokaa. Ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Na sasa nipande ngazi nikiwa na suruali, nipite juu ya kichwa cha tatabiara, mkwe wangu, mbele ya mafundi na nusu ya soko? Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyesema neno. Nilijikataza mwenyewe. Mke wa Kigusii aliyezaliwa hapa hapa pengine angekohoa kidogo, angemtuma kijana akamwambie mzee asogee, mambo yakaisha. Mimi mtu wa ziwani nilitaka kuwashinda wenyewe kwa heshima yao.

Nikamtafuta baba yako aongee na mzee kwa niaba yangu, lakini alikuwa kwenye zamu kiwanda cha chai Itumbe, simu imefungiwa kabatini. Mashine ya kuchanganya ilikuwa tayari inanguruma. Akina mama walikuwa wamepika. Nikasimama chini, nikainua kichwa, nikamwita fundi mkuu.

"Vyuma viko sawa huko?"

"Iko sawa injinia, hakuna shida. Tumefunga vile ulichora."

Nikatia sahihi kwamba nimekagua. Sikuwa nimekagua. Nilikuwa nimeuliza.

Nimeitwa mengi kwa sababu ya sahihi hiyo, na mengine ni ya haki. Lakini sikuhongwa. Hakuna aliyeniwekea bahasha wala kunitisha. Watu hudhani mhandisi huharibika kwa bahasha tu. Nilikosa kwa adabu, Kwamboka, na ndivyo wengi wetu tunavyokosa, hasa huku kwetu ambako mwenye jengo ni mkwe wa fulani, mwenye kokoto ni mzee wa kanisa, na fundi ulibatizwa naye siku moja. Unaogopa kumwaibisha mtu kuliko unavyoogopa slabu. Slabu haisemi siku hiyo. Inangoja.

Ikangoja. Mwalimu Bosibori akafungua chekechea kwenye yale maduka ya chini. Nilikuwa nikipita pale siku za soko na kusikia watoto wakiimba namba, nami nageuza uso kutazama migomba ng'ambo ya barabara. Nilijiambia fundi yule ni mtu mwaminifu. Nilijiambia jengo limesimama. Kila mwaka lililosimama nililihesabu kuwa shahidi wangu.

Halafu ukaja mkasa ule wa bweni lililowaangukia wanafunzi usiku, mbali na huku. Uliona kwenye runinga nilichoona, tulikuwa tumekaa kochi moja. Nchi nzima ilisimama. Yule mama aliyekuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto wake, akikionyesha kwa kila aliyepita kana kwamba kuna atakayejua kingine kiko wapi. Ulilia hadi ukalala na sare yako ya mafunzo. Mimi sikulia. Nilikuwa nikisikia namba zinaimbwa.

Asubuhi nilivaa suruali ile ya kazi, nikachukua nyundo na tepu, nikaenda Ekerenyo. Mzee Ombati alikuwa pale pale chini ya ngazi, siku hizi ni ngazi ya saruji, akiota jua. Nikasimama mbele yake. Nikasema, kwa Ekegusii changu cha kuchekwa, kwamba naomba kupita. Unajua alifanya nini? Alinyanyuka, akachukua kiti chake, akahamia upande wa pili wa duka na kunipa mgongo ili nipande bila aibu. Basi. Hivyo tu. Alikuwa tayari kusogea. Miaka yote ile alikuwa tayari kusogea, na mimi sikumwomba.

Nikapanda. Sakafu ilikuwa imelegea katikati. Nyufa zilifuata mihimili kutoka ukuta hadi ukuta, na nilipobomoa sehemu ndogo kwenye kona nikaviona vyuma vya juu, vile vinavyopaswa kupita juu ya mhimili kwa kukaribiana. Fundi alikuwa ameviachanisha kwa mapengo makubwa ili vichache alivyokuwa navyo vitoshe. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii angeliona hilo mara moja siku ile, kama angekuwa amesimama juu.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu Bosibori. Nilimwambia awatoe watoto, wasichukue hata mikeka. Kisha nikapiga simu kaunti wakaja kulifunga jengo na kulichora alama nyekundu. Jioni hiyo nikaiandikia bodi kwamba jengo ni langu, sahihi ni yangu, na ukaguzi haukufanyika.

Uliniuliza wakati ule, "Kwa nini ulijipeleka, Mama? Hakuna mtu angejua." Nilikujibu kwa ukali na hukustahili. Jibu la upole ni kwamba watoto wa chekechea wangejua.

Sasa nikwambie kuhusu bodi yako, maana usidhani nakutuma huko nikiwa nimepiga magoti.

Nimekuwa kwenye sajili yao tangu kabla hujazaliwa. Ada yao ya kila mwaka waliikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Lakini hakuna siku hata moja mtu wa bodi alikanyaga eneo langu la kazi, Kisii wala Nyamira. Hakuna aliyeniuliza: ulipanda? Bweni lile lilipoanguka ndipo wakaamka, wakavaa makoti ya kung'aa na kofia ngumu zilizo na vibandiko vya duka bado, wakatembea mbele ya kamera. Nchi ilikuwa inataka majina. Wenye majina makubwa walikuwa na mawakili. Langu lilijileta lenyewe, limekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Wakalisoma mbele ya waandishi wa habari kabla hawajanijibu barua, na likawa jina la kwanza la ile waliyoiita hatua kali. Jengo ambalo halikumdondokea mtu likawa habari, na lile lililowafunika watoto wa wenyewe likawa bado linachunguzwa.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, na sina mpango wa kupoa. Siku ya kikao changu nitawaambia hayo usoni. Nitawauliza walikuwa wapi. Nitawauliza kwa nini fundi na mhandisi mdogo ndio huwa wa kwanza kufutwa huku aliyeongeza ghorofa bila kibali bado anakata utepe. Mwenyekiti akiniambia nijibu swali nililoulizwa, nitajibu, kisha nitarudia la kwangu. Sikulelewa kando ya ziwa kati ya kaka wenye kelele ili ninyamazishwe na kengele ya mezani.

Lakini sitasema kwamba walipolala ndipo sahihi yangu ikawa kweli. Usingizi wao ni wao. Ngazi niliyokosa kupanda ni yangu. Watu wetu hapa wanachanganya hayo mawili, wanasema, "Wote ni wezi tu, kwa nini uumie peke yako?" Nimechoka na hesabu hiyo. Ndiyo inayotufanya tuzike, tuchange, tulie kwenye redio, na kurudi kumwaga slabu nyingine kwa kuulizana kutoka chini.

Nimefikiria sana ni kazi gani hasa ya bodi, na nimepata jibu la kienyeji. Mimi nilikuwa na mkwe chini ya ngazi. Mwenzangu wa Kisii ana mjomba, wa Kisumu ana mfadhili wa kanisa, wa Nairobi ana mheshimiwa. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye hawezi kupita juu ya kichwa chake. Kwa hiyo nchi ikatengeneza mtu mmoja asiye na mkwe popote, ili apande kwa niaba yetu sote tunaoshindwa. Huyo mtu ndiye bodi. Kama bodi nayo ina wakwe, basi hakuna aliyebaki wa kupanda, na afadhali tuifunge, tugawane viti vyake.

Na sasa wewe unataka kuingia mle na mimi ndani ya begi.

Najua utasema hukudanganya. Hawakuuliza. Mwanangu, hata mimi hawakuniuliza siku ile. Najua utasema unataka haki tu, unataka faili yangu isikanyagwe. Nakuamini. Lakini siku utakapoisogeza faili yangu juu kidogo kwa haki, jirani yako wa meza ataisogeza ya mjomba wake kwa sababu zake, nawe hutakuwa na mdomo wa kumuuliza. Na mimi nikishinda, sitajua kama nilishinda. Nitakuwa nimesamehewa na binti yangu, jambo ambalo naweza kulipata hapa jikoni bila nauli.

Mzee Ombati alituma ujumbe jana kupitia baba yako. Sikukuambia. Anasema ukiiua kesi hiyo, jengo litafunguliwa, na mambo yatarudi yalivyokuwa kati yetu, ukoo utanialika tena, utaniita kwa jina. Baba yako alileta ujumbe huo akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimwambia apeleke jibu hili: jengo litafunguliwa siku slabu ile itakapobomolewa na kumwagwa upya, na nitakuwa juu kabla ya zege, na nitamwomba asogeze kiti. Alipeleka. Hajaniambia mzee alisemaje, ila alirudi anatembea kwa wepesi. Nafikiri alikuwa amesubiri miaka mingi kupeleka maneno ya namna hiyo.

Sijakuandikia ili ukatae kazi. Nenda. Nataka uende. Nilipokuona ukijaribu ile kofia yako ngumu mbele ya kioo nilijivuna hadi nikaona haya. Nenda ukawe wa kwanza wa bodi hiyo kukanyaga Ekerenyo pasipo kuandamana na kamera. Panda kila ngazi. Ukikuta mzee ameketi chini yake, mwombe asogee, kwa heshima, na usubiri hadi asogee. Wengi wao watasogea, amini usiamini. Tunaogopa watu ambao hata hawajakataa.

Lakini asubuhi yako ya kwanza, kabla hujaonyeshwa meza, mtafute mkubwa wako na umwambie mimi ni nani kwako. Mwambie uondolewe kwenye chochote kinachonihusu. Wanaweza kukushukuru. Wanaweza pia kukurudisha na basi la jioni, na hilo ndilo ninaloliogopa, kwa sababu najua ulivyoitafuta kazi hii na ulivyokaa na cheti chako sebuleni ukijibu maswali ya majirani. Wakikurudisha, rudi. Kitanda chako sitakigusa. Nitakuwa na aibu kidogo na fahari nyingi, na shamba la chai litakuwa na mikono zaidi.

Wakinifuta kwenye sajili, pia nitaishi. Nitabaki nikijua kuchora, na hilo hawawezi kulifuta. Kuna vijana hapa wanaofunga vyuma bila kujua kwa nini, nitawafundisha. Sitaiomba bodi huruma, wala wewe usiniombee. Ninachowaomba ni kwamba waliowaua watoto wale waitwe kwenye kiti hicho hicho nitakachokalia mimi, kikiwa bado na joto langu. Wasipoitwa, nitakuwa nje ya lango lao na bango, mzee kama nilivyo, na utapita hapo kila asubuhi ukiingia kazini. Usinisalimie.

Mbona nacheka peke yangu hapa mezani. Baba yako anachungulia, anauliza kama bado naandika barua au nimeanza katiba.

Neno la mwisho, na hili silisemi kukutisha, nalisema ili usije ukashtuka. Kikao changu ni mwezi ujao. Mimi si mtu wa kusubiri kuulizwa tena. Litakapotajwa jina langu nitasimama na kusema: mimi ni mhandisi Achieng', niliyetia sahihi bila kupanda, na ni mama yake Kwamboka anayefanya kazi katika jengo hili. Nitalisema kwa sauti ya kufika hadi korido. Nitalisema hata kama hakuna aliyeuliza, hata kama litakuponza.

Una muda tangu kesho hadi siku hiyo. Nakuomba, mwanangu, wasikie kwako kwanza.

Mama yako